Fundi Tarlochan Singh Rehal: Mtu wa Mstari Mmoja

Marehemu tunayemsindikiza leo alikuwa mkaidi. Familia imekubaliana neno hilo lisomwe la kwanza, kabla jirani yeyote hajaguna huko nyuma. Aliyesema liandikwe ni mjane wake mwenyewe, Mama Mahinder Kaur, na akaongeza kwamba anayetaka kubisha aje kwanza aishi na mtu huyo karibu miaka arobaini na tisa, ndipo azungumze. Lakini ukaidi wa Mzee ulikuwa na shabaha. Alitaka mambo mawili ambayo watu wengi walimwambia hayakai nyumba moja: kuishika dini yake ya Kisikh bila kuilegeza, na kutompoteza mtu yeyote, hasa mwanawe wa pekee wa kiume. Kwa miaka mingi alionekana atakosa moja kati ya hayo mawili. Anayewasomea wasifu huu ni mkwe wake, Jentrix Nafula, ambaye ameombwa na familia asianze kulia kabla ya ukurasa wa pili.

Mzee Tarlochan Singh Rehal alizaliwa tarehe 12 Aprili 1936 katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Sardar Bishan Singh, seremala wa reli, na marehemu Mama Harnam Kaur. Mkunga aliyempokea alikuwa mama wa Kibukusu aliyekuwa akiuza maziwa stesheni, kwa hivyo lugha ya kwanza kuingia masikioni mwake duniani ilikuwa Lubukusu. Jambo hilo alilitaja kila mara aliposhuka soko la Myanga na mtu akamwita mgeni. "Mgeni wa wapi?" alikuwa akiuliza. "Mimi nimelia hapa kabla yako."

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa Kihindi mjini Kitale, kisha akapelekwa sekondari Kisumu, ambako alimaliza mwaka 1953. Masomo yake hayakuwa mabaya wala hayakuwa ya kuandikiwa habari. Kinachokumbukwa na wenzake ni mpira. Mwalimu wa michezo alimwambia afungue kilemba ili aweze kupiga mpira kwa kichwa, naye akakataa katakata. Badala ya kuacha mpira, akahamia golini, na hapo golini akakaa mpaka alipoondoka shule. Aliruhusu mabao mengi, wacha tuseme ukweli mbele ya Mungu, lakini kilemba hakikufunguliwa.

Mwaka 1954 alianza kazi ya ufundi kwa mjomba wake hapa Kitale, na mwaka 1961 akafungua karakana yake mwenyewe kwenye barabara ya kwenda mji mdogo wa Kwanza. Kazi yake ilikuwa mashine za kusaga mahindi. Kuanzia Kwanza mpaka Bokoli, na kutoka Bokoli mpaka Myanga, mashine iliyokuwa na kikohozi ilisubiri Fundi Singa, kama alivyoitwa na wateja. Katika safari hizo aliandamana na Mzee Mukhwana Sifuna, ambaye alikuja kwake kama kibarua na kuishia kuwa mshirika wake na rafiki wa maisha. Mzee Mukhwana yuko hapa mbele, na amesema hatazungumza kwa sababu wawili hao waliyamaliza maneno yote njiani.

Wasaga unga wote mlio hapa mnajua jinsi Fundi alivyokuwa. Hakukubali kukaza nati moja akaenda zake. Mawe yakibanwa sana unga unaungua, yakiachwa mbali mbali mahindi yanatoka vipande vipande, na yeye alikuwa akiinama pale, unga umemjaa ndevu, akisogeza jiwe nywele kwa nywele huku foleni ya akina mama ikimlaani. "Singa," Mukhwana alikuwa akimwambia, "hawa watu wanataka unga leo, si mwaka ujao." Jibu lake lilikuwa moja: "Watapata unga, si mchanga." Mtu angedhani fundi aliyejua kupima mawe namna hiyo angejua kupima vilevile nyumbani kwake na katika dini yake. Wapi! Hiyo ilimchukua umri mzima.

Jumapili tarehe 20 Novemba 1960 alimuoa Bi Mahinder Kaur, binti wa mwenye duka la vitambaa Eldoret. Mungu aliwajalia watoto wawili: binti, Jasbir, aliyezaliwa 1962, na Kulwant, aliyezaliwa 1970 wakati wazazi wake walikuwa wameshakata tamaa ya kupata mwingine. Mama anasema siku Kulwant alipozaliwa, Fundi aliiacha mashine ya watu Bokoli ikiwa imefunguliwa matumbo, akarudi Kitale na mikono ya grisi, akambeba mtoto hivyo hivyo. Shuka la mtoto halikutakata tena.

Mwaka 1974 Mzee alipokea amrit, yaani maji matakatifu ambayo Msikh hunywa anapojiweka wakfu kwa Guru wake, mwalimu wa imani yake. Tangu siku hiyo hakukata unywele mmoja wa mwili wake, hakuonja pombe wala kugusa tumbaku, na aliamka kusali kabla ya jogoo wa jirani. Hayo yote yalikuwa juu yake mwenyewe, na hakuna aliyelalamika. Taabu ilianza alipoyaweka juu ya wengine. Yeye na rafiki yake, Bwana Sohan Singh, walijipa kazi ya kulinda mlango wa gurudwara, nyumba yetu ya ibada hapa Kitale. Mzee mwenyewe ndiye aliyeunda zile rafu za viatu mnazoziona pale mlangoni. Sheria ilikuwa kuvua viatu na kufunika kichwa, na hakukuwa na mkubwa wala mdogo. Kuna mheshimiwa mmoja, jina tuliache, aliyekuja na msafara wake wakati wa kampeni na kusema kamba za viatu vyake zilikuwa na fundo gumu. Fundi Tarlochan alipiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akamfungulia fundo hilo mbele ya kamera.

Wageni wasiotujua vizuri, naomba niwaeleze kuhusu langar. Ni chakula cha bure kinachopikwa gurudwara na kupakuliwa kwa yeyote anayeingia, awe wa dini gani, awe na kitu au hana. Watu wote huketi chini, bega kwa bega, katika mstari mmoja, na wanaojitolea hupita na ndoo za dengu na vikapu vya chapati. Kubeba ndoo ile na kuwapakulia watu ni heshima kubwa. Mzee aliibeba kila Jumapili, na Kulwant aliibeba nyuma yake tangu akiwa darasa la nne.

Sasa tufike mwaka 1998. Kulwant alikuwa Nairobi kikazi, na alirudi nyumbani Krismasi akiwa amenyoa. Nywele zote, ndevu zote, kilemba hakuna. Mama Mahinder alilia jikoni. Jirani mmoja aliuliza yule kijana mgeni ni nani. Mzee hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimtazama mwanawe, akasema, "Chakula kipo mezani, kula. Kitanda chako kipo, lala. Lakini ndoo ya Guru hutaishika tena." Kulwant alimjibu kwamba nywele ni nywele, dini zote ni moja, na Mungu haangalii kichwani mwa mtu. Mzee akamwambia, "Kama kila kitu ni sawa, basi kwa nini ulihangaika kukata?" Hapo mazungumzo yakaisha, na kwa kweli yaliisha kwa miaka. Walisalimiana, walikula, walizungumza habari za mashine na mvua. Jumapili ilipofika Kulwant aliketi kwenye mstari kama mgeni na kupakuliwa na baba yake mwenyewe, halafu akaacha kwenda kabisa.

Mwaka 2001 Kulwant, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Bungoma, alimleta nyumbani mchumba wake. Ndiye huyu anayesoma. Jentrix ni mtoto wa Bokoli, kwao ni watu wa Kanisa la Marafiki, yaani Wakwaka, na alikuwa na duka la dawa karibu na soko la Bungoma. Kulwant alitaka wafungiwe ndoa gurudwara, mbele ya Kitabu Kitakatifu ambacho kwa Wasikh ndicho Guru. Mzee alimgeukia msichana, siyo mwanawe, akamuuliza, "Wewe unaamini huyu ni Guru wako?"

"Hapana, Baba," Jentrix akasema. "Mimi ni Mkwaka."

Kulwant akamkanyaga mguu chini ya meza. "Si useme tu ndiyo," akamnong'oneza. "Ni maneno tu, bana."

Aisee! Mzee alisimama. "Maneno tu? Basi mimi nimeamka miaka yote hii kabla ya jua kwa ajili ya maneno tu?" Akamwambia Jentrix, "Mama, wewe usidanganye mbele ya Kitabu, wala mimi sitakudanganya kwamba hakuna tofauti. Mwende kwa DC mfunge ndoa. Halafu uje ule kwetu, uketi kwenye mstari, hapo mlango wako haufungwi." Jentrix alikasirika, tena sana, na mama yake huko Bokoli alikasirika zaidi. Lakini Jumapili baada ya harusi ya kwa DC, Mzee alimpakulia dengu kwa mkono wake na kumuongeza chapati ambayo hakuiomba. Ni baadaye sana Jentrix alipoelewa kwamba siku ile mezani ni mtu mmoja tu aliyeichukulia imani yake ya Kikwaka kuwa kitu cha maana.

Hata hivyo baba na mwana walibaki mbali mbali. Mzee aliamini kwamba akilegeza kidogo, kila kitu kitabomoka. Kulwant naye aliamini kwamba chochote kinaweza kulegezwa, ilimradi watu wasigombane. Mama Mahinder alikuwa akiwaambia mmoja ni ukuta na mwingine ni maji, na yeye ndiye anayekaa na unyevu.

Ndipo ikaja Januari ya 2008. Hakuna aliye hapa anayehitaji kuelezwa yaliyotokea baada ya kura. Kulwant na familia yake walikuwa wamekuja Kitale kwa sikukuu, wakakwama kwa sababu barabara ya kurudi Bungoma ilikuwa imefungwa kwa mawe. Jumatano tarehe 2, uani mwa gurudwara palijaa watu waliokimbia kutoka pande za Kwanza. Walikuwa wamekimbiana. Kila kundi liliamini kundi lile lingine ndilo lililowachomea, na sasa wote walikuwa ndani ya ua mmoja, hawa karibu na geti, wale karibu na stoo, wakitazamana. Hawakuwa wamekula tangu juzi. Jikoni Mama Mahinder na Jentrix walikuwa wamepika dengu sufuria kubwa kubwa, na Mzee alikuwa amesimama mlangoni pake pa siku zote, kando ya rafu zake.

"Karibuni chakula," alisema. "Funikeni vichwa, vueni viatu."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Phelista, mwenye mtoto mgongoni. Akasema, "Kichwa nimefunika, Mzee. Lakini kiatu sitoi."

"Ndiyo sheria ya hapa, mama."

"Juzi tukikimbia, msichana wangu wa kwanza alikuwa ametoa viatu. Saa hii miguu yake ni vidonda tupu, hata kukanyaga hawezi. Sasa wakikuja hapa, mimi nitakimbia na nini?"

"Hapa hakuna mtu atakuja."

"Hata kwetu tuliambiwa hivyo."

Katika foleni nzima nyuma yake hakuna aliyeinama kufungua kamba. Bwana Sohan Singh alimshika Mzee mkono. "Tarlochan," akamwambia, "mimi na wewe tumelinda mlango huu tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Ukifungua leo, kesho utafunga na nini?" Na upande wa pili alikuwa amesimama Kulwant. "Baba, achana na mambo ya viatu, waingie hivyo hivyo. Na hawa wa kwa kina Gicheru tuwapelekee chakula kule nyuma ya stoo, wakae peke yao. Kila mtu ale kivyake. Chakula ni chakula." Mzee Gicheru ni yule mkulima wa Kwanza ambaye kundi la karibu na stoo lilikuwa likimsikiliza, na aliposikia hivyo alitikisa kichwa kukubali.

Mzee alisimama baina ya wawili hao, mikono kiunoni, akitazama miguu ya watu. Wanaomfahamu walijua huyu mtu sasa ameshikwa. Akimfuata Sohan, watu watalala njaa mlangoni pa Guru. Akimfuata Kulwant, watakula, na watakuwa wamefundishwa hapa hapa gurudwara kwamba hawawezi kuketi pamoja. Jentrix, akiwa na kikapu mikononi, akashindwa kuvumilia. "Baba, chapati zinapoa," akasema.

Hapo Mzee akaanza kutoa amri kama yuko karakana. "Sohan, funga ukumbi wa Kitabu. Huko ndani kiatu hakiingii, hata nikifa." Sohan akafurahi. "Mikeka yote itoke nje. Itandikwe uani, kutoka geti mpaka kwenye mfereji wa maji." Sohan akaacha kufurahi. "Viatu mvae, mama, usihangaike. Na mstari ni mmoja."

"Mmoja?" Kulwant alipaaza sauti. "Baba, watu watauana hapa!"

Mzee akamjibu, na maneno haya familia imeyahifadhi kama alivyoyasema: "Viatu tunavua kwa sababu sisi tunamheshimu Guru. Hiyo heshima ni yetu, na Guru anaona vidonda vya mtoto wa huyu mama. Lakini kuketi pamoja hatukubuni sisi. Guru wetu wa tatu alimkalisha chini mfalme mzima pamoja na watu wa shamba kabla ya kukubali kuonana naye. Sasa mimi ni nani niwatenge watu wa Kwanza?"

Mikeka ikatandikwa. Watu wakaja, kwa kuwa njaa ilikuwa inawavuta, lakini waliketi nusu huku na nusu kule, na katikati wakaacha pengo ambalo hakuna aliyetaka kulisogelea. Mzee alivaa viatu vyake vya kazi, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga mkeka wa langar na kiatu, akaenda akaketi kwenye lile pengo. Gicheru akainuka. "Mzee, mimi siwezi kula na hawa watu. Nyumba yangu imeungua Jumatatu."

"Na yangu?" Phelista akapiga kelele kutoka upande ule. "Yangu ilichomwa na malaika, ama?"

Wanaume wakasimama pande zote mbili. Mmoja aliokota lile jiwe la kuzuia geti. Mama Mahinder anasema alianza kusali kwa sauti na hakumbuki alisali nini. Mzee hakuinuka. "Gicheru," akasema, "nani amekwambia ukae naye? Wewe unakaa na mimi. Phelista hakai na wewe, anakaa na mimi. Mnaniona nilivyo mnene? Mimi natosha hapa katikati. Na asiyetaka kukaa, geti liko wazi, lakini nitamfuata na sahani mpaka Kiminini."

Mtu akacheka. Haijulikani alikuwa nani, Mzee Mukhwana anadai alikuwa yeye. Phelista alijifunika mdomo na leso, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kicheko kile kikawapitia watu waliokuwa hawajacheka tangu mwaka uanze. Yule mwenye jiwe alilitazama jiwe, akaona haya, akalirudisha getini. Gicheru aliketi. Aliketi polepole, uso umekunjamana, lakini aliketi, upande wa kulia wa Mzee.

Sasa mstari ulikuwa tayari, na wa kupakua hawakutosha, maana wengi wa wanaojitolea hawakuweza kutoka majumbani mwao. Mzee akatazama huku na huku, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Kulwant! Umesimama nini? Chukua ndoo!"

Kulwant hakusogea. "Mimi?"

"Kuna Kulwant mwingine hapa?" Mzee akavuta kitambaa alichokuwa amejitanda mabegani, akamrushia. "Funika kichwa. Watu wana njaa."

Basi akafunga kile kitambaa juu ya nywele zake fupi, akainama, akaishika ndoo ya Guru. Alianzia getini akaja nayo, upawa baada ya upawa, kwa Phelista, kwa baba yake, kwa Gicheru, mpaka mferejini. Alikuwa analia waziwazi na hakuona aibu. Jentrix alimfuata nyuma na chapati, naye alikuwa halii, alikuwa anacheka, mtamsamehe. Bwana Sohan Singh alikaa kando kwa muda. Halafu akavua viatu vyake mwenyewe, akavipanga kwenye rafu, akachukua jagi la maji na kuwahudumia watu peku peku kwenye changarawe ya moto, kwa sababu sheria yake hakuwa ameiacha. Hakuna aliyemcheka.

Waliendelea kula hivyo kila siku. Siku kadhaa baadaye Mzee alisema magoti yanamuuma, akakataa kuketi, akasimama kando na mikono yake kiunoni. Pengo lilibaki wazi kwa muda mfupi tu. Kisha yule msichana wa Phelista mwenye vidonda akasogea ili apate kivuli, na mke wa Gicheru akamkatia kipande cha chapati, kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo na chapati ilikuwa kubwa. Mzee aliingia karakana, akamwambia Mukhwana, "Wameziba." Mukhwana anasema hajawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku Kulwant alipozaliwa. Na asubuhi Phelista alipohama kwenda kwa dada yake, aliomba kwanza kuingia ukumbi wa Kitabu. Hakuna aliyemwambia kitu. Alivua viatu mwenyewe.

Msidhani baada ya hapo Mzee aligeuka akawa laini. Kulwant alimfuata karakana, akamwambia, "Baba, sikukata nywele kukukosea."

"Najua. Lakini mimi bado nasema ulikosea."

"Najua unasema hivyo."

"Basi. Ndoo ni yako." Wakarudi kwenye mashine waliyokuwa wameifungua.

Tangu hapo Kulwant alitoka Bungoma kila Jumapili kuja kupakua. Na yeye aliyesema chakula ni chakula, sasa ndiye mkali wa mstari. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja mkubwa aliomba awekewe meza yake pembeni, na Kulwant alimwambia, kwa heshima zote, kwamba pembeni hakuna. Mzee alikuwa amekaa karibu. Alijifanya hakusikia, lakini jioni hiyo alimsimulia Mama hadithi hiyo zaidi ya mara moja.

Mzee aliugua kisukari kwa muda mrefu, na kuanzia Machi mwaka huu figo zake zikaanza kushindwa. Alitibiwa Eldoret, na tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia. Alikatazwa sukari, na shida ikawa ile halua tamu inayogawiwa gurudwara baada ya sala, ambayo Msikh haikatai. Daktari alisema hapana kabisa. Mzee alisema hawezi kuikataa zawadi ya Guru. Mama Mahinder akaamua kesi hiyo: kidole kimoja cha kuonja, akamwambia, maana Guru hakusema bakuli. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo alionja kwa kidole kimoja, huku Mama akikitazama kidole hicho kwa macho makali.

Alipoona mwisho umekaribia, Mzee Mukhwana alimwomba azikwe Bungoma alikozaliwa, ili watu wapate kaburi la kutembelea. Fundi alikataa. "Nitakwenda kwa moto kama baba yangu," alisema. "Lakini kwaya ya kina Jentrix ije iimbe, na wasifu usomwe Kiswahili ili kila mtu asikie." Alifariki Jumatano tarehe 14 Oktoba 2009, saa kumi na moja asubuhi, saa yake ya sala, nyumbani kwake Kitale, mkono mmoja ukishikwa na mkewe na mwingine na mwanawe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Aliyatafuta mambo yake mawili maisha yake yote, na sisi tulioishi naye tunasema mbele yenu, kwa furaha na bila kuogopa, kwamba aliyapata yote mawili.

Ameacha mjane, Mama Mahinder Kaur. Binti yake Jasbir na mumewe, waliofika jana kutoka Uingereza. Mwana wake Kulwant na mkewe Jentrix. Na wajukuu wanne, kati yao Joy Kaur na Arjan Wabwile, wanaobeba majina ya pande zote mbili. Ameacha pia rafiki na mshirika wake Mukhwana Sifuna, rafiki yake Sohan Singh, na mashine zinazosaga kutoka Kwanza mpaka Myanga. Mama Phelista na Mzee Gicheru wamekuja, na familia inawashukuru.

Hili la mwisho halimo kwenye karatasi mlizoshika, limeongezwa kwa kalamu asubuhi hii. Kwa desturi yetu, mwana ndiye anayewasha moto wa baba. Kulwant aliamka mapema kufunga kilemba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka kumi na moja. Nywele zake fupi hazikukishika, kikawa kinateleza, anafungua, anafunga, kinateleza tena. Mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Sohan Singh, na hakuna aliyekuwa amemwita. Alimtazama Kulwant na lile zigo kichwani mwake, akasema, "Nani alikufundisha kufunga hivi? Kaa chini." Akakikunjua kitambaa chote, akakifunga upya, mkunjo kwa mkunjo, kama baba anavyomfungia mtoto wake siku ya kwanza ya shule.

Kulwant akamuuliza, "Baba mdogo, sheria inasema nini? Mtu kama mimi anaweza kuwasha?"

Bwana Sohan Singh alimfuta machozi kwa pindo la kitambaa kilichobaki. "Sheria naijua mimi," akasema. "Simama, twende kwa baba yako."

Mzee wetu Tarlochan amani aliifanyia kazi kwa mikono yake. Sasa apumzike ndani yake.